Barabara ya Myamba Inapitika

Baba,

Leo sianzi na shikamoo. Si kwamba nimesahau adabu, wala sijakukasirikia. Ipo sababu, na nitaisema nikifika mwisho, kama nitafika, maana barua hii nimeianza mara tatu na mara tatu nimeichana.

Mama hajambo, ukiacha magoti. Kibanda chako cha tiketi pale stendi ya Same kimepakwa rangi ya bluu, ndani wanauza soda na chaja za simu. Kiti chako nilikileta nyumbani. Hakuna anayekikalia. Mama anakifuta vumbi kila asubuhi. Watu bado wanakuulizia kibandani, hasa wale wanaoshuka milimani mara moja moja. Wakiambiwa umefariki wanatoa pole, kisha wanauliza: sasa habari za barabara tumuulize nani?

Ninachotaka kukuandikia ni habari za ule ukurasa wangu wa mtandao, ule uliokuwa ukiuita gazeti.

Unakumbuka nilivyorudi na cheti changu cha kompyuta nikakaa nyumbani bila kazi, na wewe ukawa unawaambia watu stendi kwamba binti yako Nakiete ana shughuli nyingi. Shughuli yenyewe ilikuwa kupepeta mchele. Ndipo nikakuambia, ukiwa kwenye chai, kwamba nitatengeneza ukurasa wa wasafiri wanaokuja huku kwetu. Ramani naichukua kwa hawa, hali ya hewa kwa wale, tafsiri kwa wengine, naviunganisha vyote mahali pamoja kama Mama anavyoshona shuka la viraka. Ukaniuliza, "Kwa hiyo wewe mwenyewe hutengenezi kitu?" Nilinuna mpaka jioni.

Siku ya kwanza ukurasa ulitutangazia mvua kubwa. Ulitoka nje, ukaangalia juu, ukarudi na vumbi kwenye ndala. "Nakiete, hii mvua ni ya Same ya nani?" Kumbe kuna mji mwingine unaoitwa Same, kisiwani huko mashariki ya mbali, na mvua ilikuwa ya kwao. Tafsiri nayo ilidhani Same ni neno la Kiingereza, ikawaandikia wageni "Karibu Sawasawa". Ulicheka ukakohoa. Wiki nzima ukawa unawakaribisha abiria Sawasawa, na mimi nikawa sipiti stendi kwa aibu.

Hilo nililirekebisha. Nikaacha kuziuliza zile huduma kwa jina, nikaziuliza kwa namba za mahali tulipo, mvua ikawa yetu. Lakini katika zote hakuna hata moja iliyojua kama basi litapanda Myamba, juu milimani, leo au litaishia njiani kwenye tope. Aliyejua ni wewe. Ulikuwa konda wa njia ile tangu sijazaliwa, na hata ulipohamia kwenye tiketi uliendelea kuwapigia madereva alfajiri, mkiongea Kipare kwa sauti inayoamsha nyumba nzima.

Basi nikakufanya huduma ya nne. Kila siku saa kumi na mbili asubuhi programu ilikutumia ujumbe kwenye simu: "Myamba?" Wewe ungejibu, na jibu lingepanda lenyewe kwenye ukurasa. Siku mbili hukujibu. Nilipouliza, ukasema, "Haijaniamkia. Mtu mzima anaulizwa tu Myamba, Myamba, kama yuko polisi?" Nikabadilisha ikawa "Shikamoo Baba. Myamba?" Tangu hapo hukukosa hata siku moja mpaka ulipolazwa. "Marahaba. Myamba inapitika." "Marahaba. Myamba haipitiki, gari limenasa." Programu haikujua marahaba ni kitu gani, ikawa inaibandika kwenye taarifa za barabara, kwa hiyo nikaifundisha ikikuta neno hilo ilitupe. Nilikueleza kwamba anayekuamkia ni mashine, si lazima uitikie. Ukasema aliyeamkia ameamkia.

Halafu likaja lile la sijui.

Siku ambazo dereva hakupatikana uliandika, "Marahaba. Sijui." Mimi nilichukia. Nilikuambia hakuna tovuti duniani inayosema sijui, tutadharauliwa. Ukanijibu taratibu, huku unafunga kamba za viatu, "Nikimwambia sijui, atauliza kwingine. Nikimdanganya, atapanda." Nikasema sawa Baba. Nikaingia chumbani nikaifundisha programu kwamba sijui nayo itupwe, na badala yake yabaki maneno yako ya mwisho yanayoeleweka. Na juu yake nikaandika kwa mkono wangu maneno yasiyobadilika: Taarifa ya leo.

Sikukuambia. Umekufa ukidhani watu walikuwa wanasoma sijui yako.

Nilipaswa kuzima kila kitu tulipokupeleka hospitali. Sikukumbuka. Jumatatu asubuhi kabla hujalazwa uliandika Myamba inapitika, na kweli ilikuwa inapitika. Alhamisi ukafariki. Tulikupandisha Myamba kwa barabara hiyohiyo, kavu kabisa, hatukusukuma gari hata mara moja. Tukakuzika nyuma ya nyumba ya babu. Kisha matanga, kisha wiki zile ambazo sikufungua kompyuta, kisha mvua.

Mwezi uliopita alikuja nyumbani mama mmoja kutoka Kihurio. Alianzia kibandani, wakamwelekeza. Alikuwa amevaa kitenge cha msiba bado. Dada yake alifariki huko Myamba, na asubuhi ya maziko mkwe wake alimsomea kwenye simu: Taarifa ya leo, Myamba inapitika. Kwa hiyo alisubiri gari pale chini ya mlima na wenzake. Udongo ulikuwa umeporomoka juu huko tangu jana yake. Walingoja mpaka saa saba ndipo akaanza kupanda kwa miguu, na alipofika watu walikuwa wananawa mikono baada ya kuzika.

Hakugomba, Baba. Afadhali angegomba. Alisema tu, "Ningejua, ningeondoka alfajiri kwa njia ya mguu. Mguu ninao." Alikuwa amekuja kumwona mzee anayeandika hizo taarifa, amuulize vizuri, pengine kulikuwa na barabara nyingine asiyoijua. Mama ndiye aliyemwambia kwamba mzee ameshazikwa. Yule mama akakaa chini, akatupa sisi pole.

Alipoondoka nikafungua kumbukumbu za programu, mahali inapohifadhi kila ujumbe, hata uliotupwa. Nilitaka kujua siku gani hasa nilianza kudanganya watu. Jumanne na Jumatano hukujibu kitu, kisha nikakuta ujumbe wa Alhamisi, saa kumi na mbili na dakika kumi na moja. Nilikuwa nimekwenda kukuletea uji. Programu ilikuamkia wodini kama kawaida yake, na wewe ukachukua simu, kwa mkono uleule uliokuwa umefungwa dripu, ukajibu.

"Marahaba mwanangu. Sijui."

Hukuwahi kuiandikia mashine mwanangu. Niliporudi na uji ulikuwa umelala, na hukuamka tena. Miezi yote hii nimekuwa nikimlilia Mama kwamba ulikwenda bila kuniaga. Kumbe uliniaga, na kitu nilichokitengeneza kwa mikono yangu kikapokea, kikatupa marahaba, kikatupa sijui, na neno lililobaki katikati hakikulielewa, kikalitupa nalo.

Nilikwenda Kihurio kumwomba yule mama msamaha. Alinipikia wali, akanisindikiza mpaka barabarani. Kwamba amenisamehe hakusema, na sikuthubutu kumuuliza.

Nimejaribu kupata mtu wa kushika nafasi yako. Dereva mmoja alikubali, akatuma siku nne, akachoka. Wengine wanacheka tu. Ramani inafanya kazi. Hali ya hewa inafanya kazi. Tafsiri haikosei tena jina la kwetu. Kila kitu kinafanya kazi isipokuwa kile watu walichokuwa wanakijia, na wanaokuja wanapungua. Sioni kama kitapona. Sijui hata kwa nini siufungi ukurasa.

"Inapitika" yako ilinishinda kuifuta kwa siku kadhaa, maana ilikuwa sauti yako ya mwisho hadharani. Jumapili nimeifuta. "Taarifa ya leo" nayo nimeiondoa. Sasa mahali pale panasomeka: Myamba, sijui. Panasomeka hivyo kila siku.

Naahidi moja tu, kwa kuwa mengine siyawezi. Siku nisiyojua nitasema sijui, hata kama itakuwa kila siku mpaka ukurasa ufe. Hakuna atakayesubiri tena pale chini kwa neno langu.

Na ile sababu ni hii. Simu yako iko kabatini kwa Mama, imezimwa, na kila alfajiri programu bado inakuamkia. Nimeshindwa kuizuia. Imeshakupa shikamoo nyingi mno zisizo na wa kuziitikia, sikutaka kuongeza nyingine.

Lala, Baba. Marahaba yako nimeipata. Imechelewa kwa sababu yangu.

Mwanao,
Nakiete