Udongo Namba Kumi na Saba

4 Februari

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mimi ni mzima wa mwili. Mchicha uliompa kondakta wa basi umefika haujanyauka. Nimeula peke yangu, nimesimama, maana kiti nimekiwekea nguo.

Kazini nimezoea kidogo. Mifuko ya udongo inakuja maabara na namba tu. Anayepima hajui ni ya nani. Majina yamo kwenye daftari langu mimi karani, na ninalifungia kabatini. Wiki ijayo wenzangu watakuja bondeni kwenu kuchukua udongo na majani ya mboga, tupime kama vina sumu. Wapokee, usiwatanie sana.

Mwanao

19 Februari

Karani wangu,

Marahaba, mwanangu. Goti lanibishia ngazi tu, kwenye matuta linatii.

Wageni wako wamekuja, vijana wawili na mabuti mapya. Wakauliza namwagilia nini. Nikawaambia, mfereji wa kiwanda cha betri, miaka kumi na mitano, na mbolea sijawahi kununua. Wakatazamana kama waliomeza nzi.

Jirani yangu Mama Pacha bado anateka maji kisimani kwa ndoo, eti mfereji unanuka. Nikamwambia, "Shoga, utakufa na mgongo, mfereji upo." Akasema, "Heri mgongo wangu kuliko tumbo la wanangu." Mbishi huyo. Mchicha wake mwembamba kama sindano.

Mwanangu, wasije wakanifungia shamba. Shamba hili ndilo lililokusomesha, na sina jingine.

Shangazi yako

21 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Natumai hujambo. Majibu yametoka. Shamba lako ni salama.

Naomba usinitumie mboga tena, jiko langu ni dogo. Na wewe pia pumzika kula mchicha kwa muda. Usiniulize kwa nini.

Mwanao

10 Aprili

Karani wangu,

Hujambo? Barua yako fupi kama mkia wa mbuzi. Unakula kweli?

Huku wamekuja na kibao chekundu cha kufungia shamba, wakakisimika shambani kwa Mama Pacha. Mboga zote zimeng'olewa zikafukiwa. Hakulia. Alikaa juu ya ndoo yake akatazama. Nimemgawia matuta yangu manne, na pacha wake wanakula kwangu kila mchana. Wana miaka mitatu, lakini mchicha wanaufuta sahani nzima.

Watu wanauliza imekuwaje wa kisima akutwe na sumu, wa mfereji awe safi. Wanasema nina mtoto ofisini. Nimewaapia kwamba mtoto niliyemlea mimi hawezi.

Unaniambia nisile. Nisile vipi kitu ambacho karatasi yenu imesema ni safi?

Shangazi yako

14 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Sijui niulize vipi hali yako baada ya haya.

Wale watoto wasile tena mboga zako, kuanzia leo, kabla hujamaliza kusoma.

Shamba lako ni namba kumi na saba. La Mama Pacha ni kumi na nane. Yaliporudi majibu, kumi na saba ilikuwa na madini ya risasi kupita kiasi, kwenye udongo na kwenye majani. Kumi na nane ilikuwa safi. Nililiangalia daftari mpaka wenzangu wakaenda kula. Nikachukua ukurasa mpya, nikaandika jina lako kwenye kumi na nane na lake kwenye kumi na saba. Ule wa zamani niliuchana.

Nilidhani atapoteza matuta tu, na wewe ningekukataza kula, basi. Sikufikiri kwamba ungemgawia. Ningekumbuka ni nani aliyenilea, ningejua.

Risasi haioshwi na maji wala haiishi kwa kuchemshwa. Inakaa mwilini, na kwa watoto inagusa akili. Wapelekwe hospitali wapimwe damu. Nawe pia.

Njia ya kurekebisha ni nikiri kwa mkuu wa maabara, na udongo wako upimwe upya. Mara mbili nimefika mlangoni kwa mkuu, mara mbili nimerudi. Naogopa, Shangazi. Niandikie unataka nifanye nini.

Mwanao

12 Mei

Shangazi,

Shikamoo, ingawa hujanijibu. Nimesubiri karibu mwezi. Kila basi likifika nakwenda kituoni. Kondakta alikuwa akitikisa kichwa tu, hata kabla sijamfikia.

Jana amenipa kifurushi. Nilikipapasa nikitafuta barua, haikuwemo. Ulikuwemo mfuko wa udongo, umefungwa kwa kamba yako ya kufungia mchicha, na kikaratasi kwa mwandiko wako: 17. Na chini yake jina lako kamili, lile ambalo hata kwenye daftari halimo, sijaliona tangu fomu ya shule.

Asubuhi hii nimeuweka mezani kwa mkuu, pamoja na daftari. Nilieleza yote. Hakunigombeza. Aliuliza, "Huyu ni nani yako?" Nikamwambia. Akachukua ufunguo wangu wa kabati, akaniambia nisubiri nje.

Naandika nikiwa kwenye benchi la ukumbini. Wenzangu wanapita na hawanisalimu, au labda mimi ndiye siinui uso. Wanasema kesho gari litakwenda bondeni kung'oa kibao chekundu. Najua watakisimika wapi, nawe unajua.

Sitakuomba msamaha kwa barua. Niambie tu damu ya wale watoto imesemaje. Mstari mmoja unatosha, hata ukiandikwa na Mama Pacha.

Mwanao, kama bado ni wako