Banda Lisilo na Tundu la Sisimizi

Mpendwa mshauri wa gazeti, dada yetu Hidoyat-opa, naomba msaada, ingawa ukiuliza mtaani kwetu watakwambia Sotvoldi, yaani mimi, ndiye huombwa, yeye haombi, maana shule niliiacha darasa la saba walimu walipoishiwa na mambo ya kunifundisha, lakini mikono yangu imesoma mpaka chuo kikuu, na vuli hii imejenga uani kwangu banda la kuku ambalo bonde zima la Fergana halijaona mfano wake, kuta za udongo uliokandwa na makapi ya ngano, unene dhiraa nzima, fito za kulalia za mforosadi, mlango nimeuchonga maua kama wa msikiti, na siku ya hashari, mtaa ulipokuja kunisaidia kupiga lipu, wanaume kumi na sita walikula pilau yangu wakaapa kwamba wangekuwa kuku wangehamia.

Mbweha alikuja na theluji ya kwanza. Alilizunguka banda mara saba, nyayo nilizihesabu mwenyewe, hakuona pa kupenyeza hata sharubu, akakaa chini akalia kama mjane. Nikaenda nyumba ya chai nikawatangazia wote: banda la Sotvoldi halina tundu la kupita sisimizi!

Basi ilipoingia chilla, zile siku arobaini za baridi kali, nikawaza, sisi tumeizunguka sandali, miguu chini ya mfarishi, makaa yanatupasha mpaka magotini, halafu kuku watetemeke? Nikawachimbia sandali yao, shimo la makaa katikati ya banda, juu yake meza fupi na mfarishi wa zamani wa mama mkwe. Niambie, opa, nani mwingine amewahi kuwapa kuku heshima hiyo?

Lakini sasa kuta zinatoka jasho, harufu inachoma macho, kuku wanakohoa kama wazee wa tumbaku, wawili wamekufa, na jogoo wangu, ambaye zamani akiwika abiria wa treni ya Andijon walishusha mizigo wakidhani wamefika, ana wiki nzima hajatoa sauti. Jirani yangu Tojimat, ambaye banda lake ni matete na mbao za kitanda kilichovunjika, akaniuliza mbele za watu, "Sotvoldi-aka, jogoo wako ameweka nadhiri?"

Nikamjibu, "Anawaza."

"Mwambie awaze upesi. Wangu wanapigwa na upepo na bado wanataga."

Hayo ningeyavumilia. Ila kuku ni wa mke wangu, Muattar, amewalea tangu walipokuwa vifaranga wa kulala ndani ya kofia yangu, na juzi nimemkuta uani kashika sururu.

"Baba Oydin, toboa huu ukuta."

"Mama Oydin, ukuta huu umeshangiliwa na wanaume kumi na sita!"

"Basi hao kumi na sita wakalale humo, asubuhi waje washangilie tena."

Amesema Ijumaa anawachukua kuku waliobaki anawapeleka kwa kaka yake huko Quva, na yeye mwenyewe hajui atarudi lini. Opa, nitabaki na mlango wa maua na hakuna wa kuufungua. Nitajie dawa ya kikohozi cha kuku, yoyote, hata iwe chungu, ila tafadhali usiniambie nitoboe.

Sotvoldi, fundi, karibu na Margilon.

*

Kaka Sotvoldi, toboa.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa raha tu, na ninaamini ukuta ni mzuri, hata yule mbweha nakaribia kumwamini. Pole kwa kuku wawili, ingawa pole hiyo mfikishie Muattar kwanza, maana wewe umeomboleza lipu.

Kuku amezaliwa na mfarishi wake mwilini. Baridi anaimudu, kinachomuua ni unyevu, uchafu na hewa ya makaa iliyokosa njia. Ungekuwa wewe umefungiwa humo ungekohoa mpaka ukasahau kusimulia, na hilo kwako ni kifo.

Leo hii, kabla hujamaliza gazeti, toa sandali na ufukie shimo. Zoa matandiko yote, nyunyiza majivu sakafuni, tandika majani makavu. Wanaokohoa watenge, umwite daktari wa mifugo, usiwatibu kwa hadithi. Kisha matundu manne ya upana wa shibiri, juu kabisa chini ya paa, upande usiopigwa na upepo, yawe juu ya vichwa vya kuku waliolala, na uyawambe wavu wa chuma ili rafiki yako mbweha aendelee kulia.

Unaogopa watu kumi na sita? Waite haohao. Alhamisi, hashari nyingine, pilau nyingine, na umkaribishe Tojimat akae penye heshima, maana matete yake yamekushinda. Mbele yao wote mpe Muattar sururu, yeye apige pigo la kwanza. Mtu anayeweza kujenga ukuta wa dhiraa ana mkono wa kuutoboa bila kuubomoa. Fundi dhaifu hathubutu kugusa kazi yake mwenyewe.

Matundu hayo yasimulie utakavyo. Sema upepo wenyewe ulikuja kukuomba ruhusa, sitakukanusha. Ila asubuhi jogoo atakapowika, kaka, nyamaza mpaka amalize.