Chupa Yenye Lebo ya Maji

Jumatatu, 3 Juni
Nimerudi darasani, wiki mbili baada ya kumzika shemeji. Mada: bondi za kikemia. Kati ya mada zote! Nikachora sodiamu ikiikabidhi klorini elektroni yake moja. Bondi ya ioni – chumvi ya mezani. Chaki ikakatika mara mbili. Msichana wa mbele akauliza, klorini si ndiyo iliyomuua Profesa? Ndivyo walivyomwita shemeji, fundi wetu wa maabara. Nikasema ndiyo. Nikajikaza kisabuni, nikaendelea.

Jumanne, 4 Juni
Leo klorini na klorini. Hapo hakuna anayetoa wala anayepokea. Kila atomi inachangia elektroni moja, zinashirikiana. Bondi ya kovalenti. Gesi. Nafundisha huku naisikia harufu yake puani. Nikafungua madirisha yote. Wanafunzi wakatazamana – wao hawasikii kitu. Mwalimu wa fizikia ananiambia nipumzike. Yeye na ushauri wake wa bure!

Jumatano, 5 Juni
Nasema hapa tu. Jioni ile, baada ya jaribio, nilimimina asidi iliyobaki kwenye chupa tupu ya maji ya maabara. Lebo ya maji bado imebandikwa. Nitaibadilisha kesho, nikajiambia. Nimefanya hivyo miaka mingapi! Asubuhi mabomba yakawa makavu. Shemeji alikuwa ameshamwaga dawa ya madoa kwenye sinki la stoo, akachukua chupa yangu asuuzie. Asidi ikikutana na dawa ile hutoa klorini, na stoo haina dirisha. Na pumu yake ile. Kwenye kikao mkuu wa shule akasema fundi alizembea, alichanganya dawa bila kuangalia. Nilikuwepo. Niliangalia meza.

Alhamisi, 6 Juni
Nimeingia stoo saa nne asubuhi kuchukua mirija. Nimemsikia akikohoa nyuma ya rafu. Kikohozi chake kabisa! Nikageuka – koti lake tu, msumarini. Naogopa. Mirija sikuchukua.

Jumamosi, 8 Juni
Dada amekuja na barua ya mkuu wa shule. Neno “uzembe” amelipigia mstari hadi karatasi imetoboka. Mtu aliyekuwa akinusa maziwa mara tatu ndipo anywe, ati mzembe! Anataka niandike majibu. “Andika, mdogo wangu. Wewe wanakuamini. Wanangu wasikue wakiambiwa baba yao alijiua kwa ujinga.” Nikasema kichwa kinaniuma. Akanikanda mabega. Mimi! Nilitamani ardhi ipasuke.

Nikachukua daftari hili, maana lilikuwa karibu, nikainamisha kichwa. Ameketi upande wa pili wa meza, anamenya viazi. Anaitazama kalamu inavyokwenda, anatikisa kichwa kwa kuridhika. Anadhani hii ndiyo barua. Nikiacha kuandika ataniuliza nimefika wapi, basi naandika tu. Ameshaweka kisu chini. Anafuta mikono kwenye kanga. Anasema, lete kwanza nisome ulipo