Ubeti Usiomo Kitabuni

Pune, 9 Januari 1974

Baba yangu mpenzi,

Naigusa miguu yako kwa mbali. Kifua chako kinasemaje na baridi hii? Mama bado anakukemea kwa kuoga mtoni alfajiri? Mimi mwili ni mzima, lakini sina raha hata kidogo.

Guruji Pendse, mwalimu wetu anayeongoza kazi ya kamusi ya Kisanskriti, anazidi kudhoofika. Unaukumbuka ule mzizi wa kitenzi uliotukaririsha utotoni, glep, glepate, jiglepe, kuwa mnyonge? Kwenye orodha ya wanasarufi wa kale umo, ila Guruji hajaona kitabu hata kimoja kilichoutumia. Miaka arobaini anautafuta, ajue ulizaliwa wapi na nani aliwahi kuutamka. Joglekar, mwenzangu hapa kwenye kamusi, humtania kwamba ameposa bibi harusi asiyeonekana. Mzee hucheka, kisha hukohoa mpaka tunamshika.

Novemba ikapatikana kadi moja ya kuonyesha neno hilo limetumika wapi. Nusu ubeti, na glepate ndani yake, kutoka kile kitabu chako cha kale kilichoandikwa kwa mkono, unachokifunga kwa kitambaa chekundu. Guruji alilia mbele yetu, akatugawia ladu, vile vitamu vya sherehe. Daktari alikuwa amempa wiki mbili, na mpaka leo anatembea.

Kwetu kadi haiingii sandukuni mpaka mtu wa pili aushike ukurasa wenyewe. Kadi niliiandika mimi, na Guruji akatia sahihi ya pili bila kukishika kitabu, kwa sababu ni mimi na kitabu ni chako. Sasa kamusi inakwenda kuchapwa na hilo linamkosesha usingizi. Jana aliniambia, "Sulabha, mwanangu, kabla ya hiki sijawahi kutilia sahihi kitabu nisichokigusa. Nipeleke Wai kwa baba yako."

Baba, ubeti ule haumo. Niliutunga mimi. Nilimkuta ameinamia sanduku tupu la kadi za neno lile, mikono mapajani, nikashindwa kuvumilia. Ulinichapa kwa kukosea silabi moja tu, na sasa nimefanya haya kwa jina la kitabu chako. Najionea aibu, na sijui nishike lipi.

Tunafika Jumanne kwa basi la asubuhi. Macho yake hayasomi tena, kwa hiyo atakigusa kitabu, kisha atakuomba wewe umsomee. Ubeti nimeunakili nyuma ya karatasi hii. Nakusihi uusome kana kwamba umo. Kama ulimi wako utakataa, mpe kwanza chai, mkalishe mbali na ngazi, halafu uniite nimwambie mwenyewe.

Msalimie Mama, ila barua hii usimwonyeshe.

Ni mimi binti yako,
Sulabha