Msasa Shavuni

Jumapili. Mvua inanyesha hapa Tabaka tangu adhuhuri na uso wangu unawaka chini ya bandeji.

Jana nilimpiga Kerubo.

Kerubo ni binti wa mama mdogo, na tunaimba pamoja katika kwaya ya kanisa. Baada ya ibada ya Sabato tulipangwa kupigwa picha. Akanishika bega na kunisukuma mstari wa nyuma.

"Kemunto, kaa huko. Hizo chunusi zitaharibu picha."

Watu wakacheka. Ngumi yangu ilifika mdomoni mwake kabla sijafikiri. Akaanguka. Nikamkalia, nikampiga tena. Wanaume wawili waliniondoa nikiwa na nywele zake vidoleni.

Natamani ningesema hasira iliishia hapo.

Nyumbani nilichukua msasa, ule ninaotumia kazini kulainishia vinyago vya mawe. Nikauweka shavuni, nikasugua kama ninavyosugua jiwe. Chunusi zikapasuka. Damu ikachuruzika hadi shingoni nami nikaendelea, kwa sababu maumivu yale angalau niliyachagua mwenyewe.

Mama akanikuta. Tulipigania msasa ule sakafuni jikoni, mimi na mama yangu mzazi. Nilimuuma kidole. Hakuuachilia.

"Niue mimi kwanza," alisema.

Nikalegea.

Leo asubuhi alinipeleka zahanati. Daktari alinisafisha, kisha akaniuliza mambo ambayo sikuyatarajia. Kitambaa ninachojifunga usoni kuzuia vumbi la mawe, nakifua lini? Nikikumbuka tu. Nalala saa ngapi? Nikaona aibu.

"Jasho, vumbi, na kitambaa kichafu kinachosugua ngozi kutwa," alisema. "Hapo chunusi zinapata nguvu."

Alinikataza ile krimu isiyo na jina niliyonunua sokoni Suneka, iliyonilainisha uso mwanzoni kisha ukalipuka. Soda na mandazi vya kila siku nipunguze, maana kwa watu wengine sukari huzichochea. Nisikamue. Nilale.

"Na mengine ni mwili wako tu," akaongeza. "Si uchafu, wala si dhambi."

Hapo ndipo nililia.

Jioni hii nilikwenda kwa kina Kerubo. Mdomo wake umevimba, jino moja linacheza. Nilipiga magoti mlangoni nikaomba msamaha.

"Nilikukosea kwa maneno," alisema. "Lakini ulinipiga nikiwa nimeshaanguka. Leo sitaki kukuona."

Nikainuka, nikaondoka. Nilikuwa nimeshafika uani, nimelowa, aliponiita.

"Kemunto! Uso unakuuma?"

"Unauma sana."

"Vizuri."

Kisha akanirushia mwavuli wake, akafunga mlango.

Kesho nikitoka kazini nitaurudisha. Nitabisha hodi polepole, na akikataa kufungua, nitauacha kizingitini nirudi tena siku nyingine.