Sipiyu Aliyoileta Baba

Jumapili, alasiri. Mvua imekatika lakini milima haionekani. Ukungu umeifunika tangu asubuhi, na hapa Kihonda matope yamefika mpaka kizingitini. Nimejifungia ndani. Sina hamu ya kuongea na mtu, ndiyo maana naandika.

Kompyuta yangu mpya inafanya kazi. Niliiunga jana kwa mikono yangu, skrubu moja baada ya nyingine, na ilipowaka mara ya kwanza nilipiga vigelegele peke yangu kama mama wa bwana harusi. Leo iko sakafuni, juu ya mkeka, na sitaki hata kuitazama.

Nianze mwanzo, maana nikianzia katikati nitajipendelea.

Mchana mimi ni karani wa shule. Jioni natengeneza kadi za harusi na kuchapa mitihani ya walimu, na kazi hiyo ya jioni nilikuwa naifanyia kwenye laptopu iliyokufa mwezi wa pili. Nikasema safari hii sinunui kitu kilichofungwa na mtu mwingine. Nitachagua vipande mwenyewe na kuviunga mwenyewe. Na iwe ndogo, kwa sababu sebule yangu ni ndogo, na kwa sababu ya kabati la Baba.

Kabati hilo Baba alinitengenezea nilipohamia hapa. Ni la mninga, zito, na katikati lina chumba chenye mlango wake, alichokiacha kwa ajili ya redio. Redio ilishakufa zamani. Baba ni seremala, sasa mzee, anaishi Kinole huko mlimani. Kwetu Waluguru ardhi inafuata upande wa mama, kwa hiyo shamba analolima ni la ukoo wake na watakaolishika ni wapwa zake, siyo mimi. Hutania kwamba yeye hana cha kuwagawia watoto wake ila kilichopita kwenye randa. Basi mimi nilipata kabati. Nilitaka kompyuta ikae humo ndani, mlango ufungwe, na mgeni asijue kama ipo, na Baba nilimwambia hivyo.

Nilichagua vipande kwa miezi miwili. Nilijifunza kwamba mazabodi ndogo ya aina niliyoitaka, ule ubao unaoshika vipande vyote, ina sentimita kumi na saba kila upande, nikakata boksi la sabuni kwa kipimo hicho na kulibandika ukutani ili nilizoee. Nilikataa keisi ya nje yenye taa za rangi, inayomulika kama gari la maharusi. Nilichagua feni bapa, kwa sababu ile ndefu ingegota kwenye mfuniko. Nilitafuta pawa saplai fupi, ya kulisha umeme, mpaka muuzaji wa Dar akaniuliza kama naunda kompyuta au saa ya mkononi. Daftari langu lilijaa vipimo. Nilifurahi sana siku zile. Na niseme ukweli, nilifurahi pia kwa sababu nilikuwa najua vitu ambavyo watu wanaonizunguka hawavijui.

Hapo ndipo ubaya ulipoingilia.

Neno lenyewe ni sipiyu. Ofisini kwetu, na katika kila ofisi niliyowahi kuingia, sipiyu ni lile boksi zima linalokaa chini ya meza. Ukiambiwa washa sipiyu, unabonyeza boksi. Ukiambiwa sipiyu ina vumbi, unafuta boksi. Nimelisema hivyo miaka kumi na tano. Mwezi wa tatu, kwenye video, ndipo nilipojua kwamba sipiyu hasa ni kile kibati cha mraba, kidogo kuliko biskuti, kinachokaa ndani kabisa juu ya mazabodi. Tangu siku hiyo nikawa mwalimu wa kila mtu. Flora, mwenzangu wa ofisini, akisema sipiyu namsahihisha. Hata mkuu wa shule nilimsahihisha, mbele ya wazazi.

Baba sikumsahihisha, kwa sababu hakuwahi kulitamka neno hilo mbele yangu. Ni mimi niliyelitamka mbele yake.

Wiki tatu zilizopita alinipigia simu kuuliza kompyuta imefikia wapi. Nikamwambia vitu vyote vimeshafika, imebaki sipiyu tu. Niliyoitaka imeisha dukani na nasubiri iingie nyingine. Akauliza kama ni ndogo. Nikasema ndogo, Baba, ndogo sana. Akasema sawa, tukaagana. Mimi nililisema neno kwa maana yangu mpya, yeye akalisikia kwa maana ya watu wote.

Jumamosi iliyofuata akaja. Flora alikuwa kwangu, nimemwita makusudi aje aone vipande vyangu nilivyovipanga mezani. Baba aliingia amelowa, kofia imemlalia kichwani, na begani amebeba kitu kilichofungwa kwenye kanga. Tukampa shikamoo, akaitikia, lakini hakukaa. Alikwenda moja kwa moja kwenye kabati, akafungua kile chumba cha redio, akafungua kanga, akakisukuma kitu chake ndani na kufunga mlango. Mlango ukafunga. Kisha akasimama pembeni, mkono juu ya kabati, kama alivyokuwa akisimama zamani akimkabidhi mteja kitanda.

"Nimekuletea sipiyu," alisema.

Nilifungua mlango. Ilikuwa kompyuta ndogo ya ofisini, mtumba, bapa, yenye mikwaruzo pale ilipobanduliwa lebo. Kompyuta nzima. Nikacheka. Flora aliponiona nacheka, naye akacheka. Ningeishia hapo pengine leo nisingekuwa naandika, lakini mimi nikafungua mdomo.

"Baba, hii siyo sipiyu. Hili ni boksi tu la mtumba, wenzetu wameshalitupa."

Alitazama vitu vyangu pale mezani, kimoja kimoja. Sijui alikuwa anatafuta ipi ndiyo yenyewe.

"Dukani wameniambia ndiyo hii," alisema. "Basi, kosa langu, mwanangu."

Akaitoa, akaifunga tena kwenye kanga. Nilimwambia aiache tu, lakini nilisema kama mtu anavyomwambia mgeni aache kikombe, kitaoshwa. Alikunywa chai nusu, akasema mvua itamkuta njiani, akaondoka. Chakula cha mchana kilikuwa jikoni. Flora akaniambia kwamba hata baba yake huliita boksi sipiyu. Nikamjibu kwamba ndiyo maana watu wanatakiwa kujifunza.

Sikumuuliza Baba aliinunua wapi. Sikumuuliza alichaguaje. Kila kitu nilichokuwa nakisaka kwa miezi miwili kilikuwa ndani ya lile boksi, kimeshaungwa, na hicho kibati changu cha mraba kikiwemo.

Sikumuuliza hata kama amekula.

Alhamisi kibati changu kikafika. Jana nikaunga, ikawaka, nikapiga vigelegele vyangu. Kisha nikaibeba kuipeleka kabatini. Nilikuwa nimepima: chumba kina kina cha sentimita thelathini na sita, keisi ina thelathini na nne. Iliingia vizuri sana. Halafu nikakumbuka nyaya. Waya wa umeme una kichwa kigumu, wa skrini vilevile, vyote vinachomekwa nyuma, na havipindi mpaka vipate nafasi. Nikivichomeka, kompyuta inatoka nje ya kabati na mlango haufungi. Nilipima boksi, sikupima nyaya. Daftari zima, na mstari mmoja wa nyaya haumo.

Leo asubuhi nikaamua kutoboa mgongo wa kabati. Nikaazima msumeno kwa jirani. Mimi, mtoto wa seremala, nilikwenda kuazima msumeno ili nikate mbao aliyoipiga randa baba yangu. Nilipopiga magoti kusafisha kile chumba ndipo mkono wangu ukagusa kitu kwenye kona ya nyuma.

Kamba ya mgomba, iliyokauka, ina mafundo matatu.

Naijua. Iddi iliyopita Baba alikuja, na baada ya pilau alikaa chini mbele ya kabati akawa anaivuta hiyo kamba humo ndani. Nilimwambia futi ya kupimia iko kwenye droo, mambo ya kamba za shambani ya nini. Akasema kamba haina namba, kwa hiyo haiwezi kukosea kusomwa. Niliona ni uzee tu. Sikujiuliza anapima nini. Nadhani ilidondoka siku ile, alipokuwa anaitoa sipiyu yake.

Nikaivuta. Fundo la kwanza ni upana wa chumba, sawasawa. La pili ni kimo, sawasawa. La tatu ni kina, na hilo halikufika mwisho. Lilibakiza vidole vinne kabla ya ubao wa nyuma. Nikafikiri, hapa mzee amekosea. Namshukuru Mungu nilikuwa peke yangu, la sivyo nisingekosa kulisema kwa sauti. Nikaivuta mara ya pili. Vidole vinne. Kisha nikachukua waya wa umeme, nikaushika pale unapotoka kwenye mashine mpaka unapokubali kupinda.

Vidole vinne.

Aliyeweka redio humo miaka ile alijua kwamba waya unataka nafasi yake. Na akaichukua kamba hiyo akashuka nayo mjini, akaingia dukani, akawa anaipitisha kwenye sipiyu moja baada ya nyingine mbele ya wauzaji, mzee wa watu, mpaka akaipata itakayoingia kwa binti yake. Ndiyo maana hakukaa. Ndiyo maana mlango ulifunga kwa mara moja. Na mimi nilikuwa na ujuzi wa wiki chache, nikamwambia hajui.

Mdharau mwiba mguu huota tende. Mimi nilimdharau aliyeniotesha miguu yenyewe.

Msumeno nimeurudisha bila kuutumia. Baada ya adhuhuri nikampigia simu. Nilikuwa nimepanga maneno kabisa: nimekosa, Baba, nisamehe, niletee ile sipiyu. Shikamoo, marahaba, tukaongea habari za mvua, za ndizi zilizoangushwa na upepo, za goti lake. Nikatangulia kuuliza ile kompyuta iko wapi. Akasema amempa ustadhi wa madrasa, watoto wanajifunza kuandika majina yao, na inafanya kazi vizuri. Hakusema kwa kinyongo. Ningetamani angesema kwa kinyongo.

Halafu akaniuliza yeye.

"Na hiyo yako, imeingia?"

"Imeingia, Baba."

"Mlango unafunga?"

"Unafunga."

"Alhamdulillahi. Iddi Kubwa nitakuja niione."

Tukaagana. Nimejaribu kujidanganya kwamba nilisema hivyo ili nisimtie huzuni. Siyo kweli. Huyu mtu angefurahi kuambiwa haijaingia. Angepanda gari kesho na randa yake. Nilisema hivyo kwa sababu sikutaka ajue kwamba yeye alipima vizuri na mimi nilipima vibaya. Bado, hata baada ya kuishika ile kamba, nilitaka kuwa ninayejua. Majuto ni mjukuu, wanasema, huja baadaye. Wangu amekuja mapema na amekaa sebuleni, kwenye mkeka, ana taa moja ndogo ya kijani.

Ukungu unaanza kupanda. Naona mabega ya mlima, chini ya mawingu. Huko nyuma yake ndiko Kinole, na sasa hivi pengine anamsimulia ustadhi kwamba mashine ya binti yake Mwajuma imeingia kabatini.

Kamba nimeifunga kwenye kitasa cha ule mlango usiofunga, ili nisipite bila kuiona. Kesho asubuhi, kabla sijavaa viatu vya kazini, nitampigia. Sitapanga maneno mengi, maana nikiyapanga mengi najificha humo. Nitasema haya tu, na nitayasema kwa lugha yake:

Shikamoo, Baba. Sipiyu yangu haijaingia.