Jiwe la Lango Lililokuwa Jikoni Kwangu

Manga, Nyamira
Jumatano, 13 Novemba 2024

Mpendwa Dada Eucabeth,

Pokea salamu zetu kutoka huku mlimani. Hujambo, na lile goti lako linaendeleaje na baridi ya huko York? Sisi tu wazima. Mong'ina alikuwa na mafua wiki mbili, na nimejua amepona kwa sababu ameanza tena kunigombeza. Mvua ni nyingi, majani chai yanachipua upesi kuliko tunavyoyachuma, na ile migomba uliyoipanda nyuma ya choo imetoa mikungu mitatu mizito. Kila nikikata mkungu nakutaja.

Nakuandikia barua badala ya kupiga simu, kwa maana kwenye simu ningezungukazunguka hadi salio liishe. Nakuomba usome hadi mwisho ndipo ukasirike.

Unaikumbuka ile video uliyotutumia mwezi wa tano, yule mama mwenye mwavuli akiwatembeza watu kando ya kuta za Zama za Kati hapo mjini kwenu? Sharon wangu aliitazama mpaka nikaionea simu huruma. Ana mwaka mmoja na nusu nyumbani tangu amalize chuo cha utalii, na nilikuwa nimeanza kuogopa kumuuliza habari za kazi. Siku moja akaniambia, "Baba, kwani orwaki yetu si ukuta?" Mimi nikacheka. Nilimwambia hakuna mtu mwenye akili atakayepanda kilima cha Manga kuja kutazama mawe ambayo wazee walizungushia boma ili wasiibiwe ng'ombe.

Basi nimefundishwa adabu. Jumapili iliyopita walikuja wageni kumi na mmoja, wengi wao walimu kutoka Kisii mjini, na mtu na mkewe kutoka Ogembo. Sharon aliwatangulia na mwavuli wa mama yake, jua likiwaka. Aliwapitisha njia ya ukingoni, akawaonyesha ziwa linavyometa kule mbali, akawaeleza vijana walivyolala na mifugo zamani. Mtu akiuliza jambo asilolijua, alisema halijui. Nilijivuna, Dada, na sioni haya kusema hivyo.

Sehemu ya ukuta iliyosimama, kama unavyojua, iko upande wa Baba mdogo Onsongo. Nilidhani atamfukuza Sharon, kwa jinsi tulivyomtenda. Kumbe alimpa ruhusa siku hiyohiyo, na Jumapili akaja mwenyewe na fimbo yake, koti limepigwa pasi.

Tulipofika langoni, Sharon aliwaonyesha lile jiwe lenye shimo la mviringo, mahali ulipokuwa ukizungukia mti wa mlango. Akasema lilikuwa na pacha wake, na pacha huyo alipotea mwaka 1991. Baba mdogo akasema polepole, "Liliibwa. Watu wa hapa wanasema niliiba mimi." Wageni waliangalia chini. Mimi nilikuwa nyuma nimebeba kikapu cha ndizi.

Dada, jiwe lile nililichukua mimi.

Nilikuwa najenga nyumba yangu ya kwanza ili nimlete Mong'ina, na sakafu ilikuwa tope tupu. Baba alikuwa ametukataza kugusa hata kokoto ya orwaki. Nilingoja Sabato, watu wote wakiwa kanisani, nikaenda na wilbaro. Sikujua kwamba Baba mdogo alikuwa amebaki nyumbani na malaria. Ndiyo sababu walimshuku yeye. Unakumbuka Baba alivyotaka ale emuma mbele ya wazee, aape kwa kiapo kile cha kufa mtu. Baba mdogo alisema yeye ni Msabato, na neno lake ni ndiyo au siyo, basi. Tukachukua kukataa kwake kuwa ndiko kukiri. Wewe ndiwe uliyelia kuliko wote, maana ulimpenda kuliko wote.

Utaniuliza Baba alikosaje kuliona miaka yote ile, naye aliishi hatua hamsini kutoka mlangoni pangu. Lakini unazijua chinsoni zetu, ile miiko ya heshima. Baba hakanyagi ndani ya nyumba ya mwanawe aliyeoa, na baba mdogo ni baba vilevile. Hao wawili tu ndio wangelitambua, na hao wawili tu ndio wasingeingia. Nilijificha ndani ya heshima yao. Mong'ina mwenyewe hakujua kitu, aliweka mtungi juu ya lile shimo na kusema hajapata kuona mtungi uliotulia hivyo. Baba alipokufa nilijiambia mambo yamekwisha.

Sasa sikiliza. Tukiwa bado ukutani mvua ikashuka ghafla, na Sharon akawakimbiza wageni kwenye nyumba yangu ile ya zamani, ambayo siku hizi ni jiko, wapate chai. Mwalimu mmoja, Beverlyne, alimsaidia Mong'ina kuteka maji. Aliusogeza mtungi, akainama, akasema kwa sauti, "Sharon, hili si ndugu ya lile la langoni?"

Uongo ulikuwa umeshafika kwenye ulimi. Ningesema nilinunua kwa mchimba mawe, nao wangeniamini. Lakini nilitazama mlangoni nikamwona Baba mdogo amesimama upenuni, maji yakimchuruzika kwenye koti lake la pasi, miaka sabini na tisa, na hakuna aliyemkaribisha kwa kuwa haingii. Nilishindwa. Nilichimbua jiwe kwa jembe, Sharon akashika upande wa pili, tukalitoa nje, tukaliweka miguuni pake. Nikasema, "Baba, ni mimi." Nililia mbele ya walimu kumi na mmoja, au tisa ukimtoa mtu wa Ogembo, ambaye ni fundi cherehani, na mkewe.

Baba mdogo aliinama akatia kiganja ndani ya lile shimo. Kisha akasema, "Kumbe lilikuwa karibu hivi." Na baada ya hapo hakuuliza kwa nini. Aliuliza, "Eucabeth anajua?"

Nikamwambia hapana. Akasema nikuandikie wewe kwanza kabla ya kuwaeleza kanisani, na Sabato ijayo nitasimama niwaeleze.

Sharon ana matembezi mengine Jumapili ya kwanza ya Desemba, watu kumi na tisa wameshajiandikisha. Nimemruhusu anitaje kwa jina. Mtungi wa Mong'ina sasa umeinama, na nimeambiwa hilo pia ni kosa langu.

Lakini jiwe bado liko upenuni. Tulitaka kulirudisha langoni Jumatatu, Baba mdogo akakataa. Alisema mwaka 1998, ulipokuwa unaondoka, alisimama barabarani akakunyooshea mkono wa kwaheri, nawe ukageuza uso. Hakulaumu, alieleza tu. Alisema umeahidi kuja Krismasi, na jiwe ni zito, kwa hiyo litangoja mtu wa kulishika upande wa pili. Mtu huyo anataka uwe wewe.

Nisalimie shemeji Ochanda na watoto. Sharon, Mong'ina na Mose wa jirani wanakusalimu sana. Mungu akutunze njiani kila utokapo zamu, na akulete salama.

Ndimi mdogo wako akupendaye, mwizi wa jiwe,

Manasseh Mokua

Nimemsomea Baba mdogo barua hii kabla ya kuifunga. Alisikiliza yote, akasema hana la kuongeza, ila nikuulize kama bado unapenda ndizi za kuchoma.